Gita Likivuma Kama Nyuki: Tafuta Panapouma Kabla ya Kushika Spana

Somo la vikundi vya kwaya, vijana na akina mama



Katika vikundi vyetu vingi, pamoja na cherehani, mizinga ya nyuki na viti vya kukodisha, kuna gita. Pengine ni la kwaya, pengine ni la vijana. Mara nyingi lilinunuliwa kwa mchango wa wote: huyu alitoa shilingi hamsini, yule aliuza mandazi, mwingine alileta kuku akapigwa mnada baada ya ibada. Kwa hivyo gita hilo si la mpigaji peke yake. Ni mali ya kikundi, na mali ya kikundi sharti ijulikane na kutunzwa.

Sasa siku moja gita linaanza kulia vibaya. Ukigusa uzi, badala ya sauti safi unasikia "zzzz", kama nyuki aliyenaswa ndani ya kibuyu. Hapo kila mtu anakuwa fundi. Huyu anasema kaza, yule anasema legeza, mwingine anataka tupa. Somo hili ni la kuwasaidia mjue mvumo unatoka wapi, na mjue ni kitu gani mnaweza kurekebisha wenyewe na kipi mpeleke kwa fundi.

JINSI NILIVYOHARIBU GITA LETU

Natoa ushuhuda wangu ili ninyi msirudie. Ilikuwa mwezi wa Februari, kiangazi kikali, na gita la kwaya yetu likaanza kuvuma. Pasaka ilikuwa karibu. Mmoja akasema nyuzi zimezeeka. Mwingine akasema freti zimechakaa, akaleta tupa ya kunolea panga. Mimi nilikuwa nimesikia ya kwamba ndani ya shingo ya gita kuna chuma kinachokazwa. Basi nikaenda kwa fundi wa baiskeli, nikaazima spana ya aleni, ile iliyopinda kama herufi L.

Nilifikiri hivi: kitu kinachotetema ni kitu kilicholegea, na kilicholegea hukazwa. Nikakaza mzunguko mzima. Mvumo ukazidi. Badala ya kusimama nijiulize, nikakaza tena. Tukasikia "ka!" na spana ikaanza kuzunguka bure.

Pasaka hiyo tuliimba kwa ngoma na kayamba. Mungu alisifiwa vilevile. Lakini harusi mbili zilizokuwa zimetualika zikachukua kwaya nyingine, na pesa za harusi hizo tulikuwa tumezitenga kwa karo ya mtoto yatima tuliyekuwa tukimsomesha. Mweka hazina wetu, mama mzee ambaye hajawahi kushika gita maishani mwake, aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya kukaza, ulijua ni wapi panapouma?"

Sikuwa na jibu. Baadaye fundi wa mjini alituonyesha. Shingo ilikuwa imenyooka kupita kiasi. Ilihitaji kulegezwa robo ya mzunguko, basi. Mimi nilifanya kinyume, tena mara nyingi zaidi.

Somo lote la leo limo ndani ya swali la yule mama.

TUJUE MAJINA KWANZA

Shikeni gita lenu mkisoma sehemu hii, kila mtu aguse kwa mkono wake.

Kichwa ni sehemu ya juu yenye masikio ya kukazia nyuzi. Shingo ni mti mrefu unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Juu ya shingo kuna ubao wa vidole, na juu ya ubao huo kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza. Hizo ndizo freti. Tunazihesabu kutoka kichwani: freti ya 1, ya 2, na kuendelea.

Mahali ambapo kichwa na shingo hukutana pana kipande kidogo cha mfupa au plastiki chenye mikato sita ya kupitishia nyuzi. Katika somo hili tutakiita kizingiti, kwa sababu nyuzi hukivuka kama mtu avukavyo mlangoni. Upande wa chini, juu ya tumbo la gita, kuna daraja, na juu ya daraja kuna kipande kingine cheupe ambacho nyuzi zimekalia. Hicho tutakiita tandiko.

Uzi mwembamba kabisa ni wa 1, na mnene kabisa ni wa 6.

Ndani ya shingo ya magita mengi ya nyuzi za chuma kuna chuma kirefu. Ncha yake huonekana ndani ya tundu la sauti, au kichwani chini ya kifuniko kidogo. Hiki ndicho chuma cha shingo. Angalizo: magita mengi ya nyuzi za nailoni hayana chuma cha kukaza. Ukimulika kwa tochi pande zote mbili usikione, usitoboe popote ukikitafuta.

KWA NINI GITA LINAVUMA?

Mmewaona watoto wakirusha kamba. Wawili wameshika ncha, na katikati kamba inapanuka na kufanya tumbo. Uzi wa gita hufanya vivyo hivyo, ila tumbo lake ni dogo na lina kasi sana. Uzi ukikosa nafasi ya kutosha, tumbo hilo linagonga freti iliyo mbele ya kidole chako. Kugonga huko ndiko mvumo.

Kwa sababu hiyo shingo ya gita haitakiwi kunyooka kabisa kama rula. Hutakiwa iiname mbele kidogo sana, ili katikati pawe na nafasi ya tumbo la uzi. Nyuzi zenyewe ndizo zinazoiinamisha, kama kamba ivutavyo upinde. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, yaani uzito wa mtu mzima. Chuma cha shingo kinavuta upande wa pili ili shingo isizidiwe. Nyuzi zinavuta huku, chuma kinavuta kule, na shingo inakaa katikati yao.

Ukilijua hilo, utaelewa kosa langu. Nilikaza chuma wakati chuma kilikuwa tayari kimeshinda nyuzi.

VIFAA

Hakuna haja ya vifaa vya bei. Tayarisheni hivi:

- rula ya shule yenye milimita
- karatasi za daftari
- kadi ya plastiki kuukuu
- tochi
- spana ya aleni inayoingia barabara katika chuma chenu (mara nyingi ni ya milimita 4 au 5)
- kalamu na daftari
- kitu cha kupimia sauti: kinanda cha kanisa, au simu yenye programu ya kukazia gita

Spana mtaiweka mezani, lakini isiguswe mpaka hatua tano za kwanza ziishe.

HATUA YA 1: ONDOENI SABABU NDOGO

Kwanza kazeni nyuzi mpaka sauti yake halisi. Kutoka uzi wa 6 hadi wa 1 ni E, A, D, G, B, E. Uzi uliolegea huwa na tumbo kubwa, kwa hivyo utavuma hata kama gita ni zima. Vikundi vingi hushusha sauti ili waimbaji wafikie, halafu vinalaumu gita.

Pili, tazameni nyuzi zenyewe. Zina kutu? Zimevimba? Kama zina miezi mingi, badilisheni kabla ya kupima chochote. Najua kuna wanaoweka waya wa breki ya baiskeli uzi ukikatika. Waya huo haukutengenezwa kwa kipimo cha gita, kwa hivyo hautawapa majibu ya kuaminika. Na msiweke kamwe nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni. Nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi. Ukiweka chuma unaongeza mzigo ambao gita halikuumbwa kuubeba, nalo daraja litang'oka au shingo itapinda.

Tatu, tafuteni kitu kilicholegea: skrubu za masikio, mkia wa uzi uliobaki mrefu kichwani, kifungo cha shati la mpigaji kinachogusa mti. Gongeni tumbo la gita pole pole kwa kidole mkisikiliza. Kama kuna kitu kinatetema ndani, huenda fito ya ndani imebanduka. Hilo si tatizo la shingo, na kulibandika tena ni kazi ya fundi.

Nne, mtazameni mpigaji. Kidole kibonyeze karibu na freti, si katikati ya nafasi wala juu ya freti yenyewe. Pia anayepiga kwa nguvu atasikia mvumo kidogo. Wapigaji wa omutibo wa Magharibi mwa Kenya, kama marehemu George Mukabi, walitumia kidole gumba kwa nyuzi nene huku mwenzao akigonga chupa ya Fanta. Anayepiga gumba kwa nguvu namna hiyo huhitaji nyuzi zilizoinuka kidogo kuliko anayegusa polepole. Kwa hivyo anayepima awe ni yule anayelipiga gita kila Jumapili.

HATUA YA 2: CHORENI RAMANI YA MVUMO

Hapa ndipo kazi ilipo. Fungueni daftari, mchore mistari sita kwa nyuzi sita. Mpigaji apige kila uzi ukiwa wazi, halafu akibonyeza freti ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 14. Mwingine asikilize na kuandika. Panapovuma wekeni alama V. Panapolia safi wekeni nukta.

Kazi hii haizidi nusu saa. Wanaosikiliza wawe watu wawili, maana sikio moja linaweza kudanganya. Msibishane. Andikeni tu.

HATUA YA 3: SOMENI RAMANI

Alama V zikikaa mahali fulani, zinawaambia jambo fulani.

Kama uzi unavuma ukiwa wazi tu, lakini ukibonyeza freti ya 1 mvumo unaisha: mkato wa kizingiti umeshuka mno. Shingo haina kosa.

Kama mvumo uko kwenye freti za kwanza, yaani ya 1 mpaka ya 5, katika nyuzi nyingi: huenda shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka nyuma. Hili ndilo lililokuwa letu.

Kama mvumo uko kuanzia freti ya 7 kwenda juu: huenda tandiko limeshuka, au shingo imeinama mbele mno. Shingo ikiwa imeinama mno mtaona pia kwamba nyuzi ni ngumu kubonyeza katikati ya shingo.

Kama mvumo uko mahali pamoja tu: freti inayofuata imeinuka, au hiyo unayobonyeza imelika.

Kama mvumo uko kila mahali: nyuzi zote ziko chini mno, au ni nyembamba kuliko zinazofaa gita hilo, au mmeruka hatua ya 1.

Nasema "huenda" kwa sababu ramani inaelekeza, haihukumu. Tunathibitisha kwa kupima.

HATUA YA 4: PIMENI SHINGO

Gita likiwa limekazwa nyuzi sawasawa, mtu mmoja abonyeze uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na mwingine aubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Mara nyingi hapo ni freti ya 14, na kwa gita la nailoni ni ya 12. Uzi uliokazwa umenyooka kuliko rula yoyote mliyo nayo, kwa hivyo sasa uzi ndio rula yenu.

Mulikeni tochi kwenye freti ya 6 au ya 7. Kuna nafasi gani kati ya uzi na freti?

Inayofaa ni karibu milimita 0.1 mpaka 0.3. Karatasi mbili au tatu za daftari zipite bila kuinua uzi. Ukigonga uzi hapo kwa kidole usikie "tik" ndogo.

Kama uzi umelala juu ya freti na hakuna nafasi kabisa, shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma. Kama karatasi zaidi ya tano zinapita, shingo imeinama mbele mno.

Andikeni jibu na tarehe.

HATUA YA 5: PIMENI KIMO CHA NYUZI NA KIZINGITI

Acheni nyuzi wazi. Simamisheni rula juu ya freti ya 12, mpime kutoka juu ya freti mpaka chini ya uzi. Kwa gita la nyuzi za chuma, uzi wa 6 uwe karibu milimita 2.5 na uzi wa 1 karibu milimita 2. Rula ikianzia mbali na sifuri, toeni kile kipande kilichozidi, msije mkadanganyika.

Halafu kizingiti. Bonyezeni kila uzi kwenye freti ya 3, mtazame juu ya freti ya 1. Lazima kuwe na nafasi ndogo kama unywele. Kama hakuna, mkato wa uzi huo umeshuka mno.

Sasa mna ramani na vipimo vitatu. Kama ramani na vipimo vinakubaliana, mmepata panapouma.

KUREKEBISHA SHINGO

Chuma cha shingo kina kazi moja tu: kunyoosha shingo au kuiacha iiname. Si cha kupandisha wala kushusha nyuzi. Anayetaka nyuzi zipande au zishuke aende kwenye tandiko.

Tazameni ncha ya chuma uso kwa uso, spana ikiwa ndani.

Kuzungusha kufuata mishale ya saa ni kukaza. Shingo inanyooka na nafasi inapungua. Hii ni kwa shingo iliyoinama mno.

Kuzungusha kinyume cha mishale ya saa ni kulegeza. Shingo inainama mbele na nafasi inaongezeka. Hii ni kwa shingo iliyonyooka mno.

Basi fuateni utaratibu huu bila kuruka:

1. Tieni alama ya penseli kuonyesha spana ilikuwa wapi mlipoanza, ili muweze kurudi.
2. Kama mnakaza, legezeni nyuzi kidogo kwanza, chuma kisipambane na mzigo wote.
3. Zungusheni moja ya nane, au kwa wingi robo ya mzunguko. Robo ni kama mshale wa saa kutoka 12 mpaka 3. Msizidishe.
4. Kazeni nyuzi tena mpaka sauti yake. Pimeni kama hatua ya 4. Andikeni.
5. Kama bado, msiendelee siku hiyo. Mti haufuati amri papo hapo. Liacheni gita mpaka kesho, mpime tena ndipo mwongeze robo nyingine.
6. Kama chuma ni kigumu hakigeuki, simameni. Kama mmefikisha mzunguko mmoja mzima na vipimo havibadiliki, simameni. Spana ikianza kuteleza, simameni. Hapo ni kwa fundi.

Haraka haraka haina baraka. Chuma kikikatika, kukibadilisha kunataka ubao wa vidole ung'olewe, na gharama yake yaweza kukaribia bei ya gita jipya la kawaida. Mimi nililipa ada hiyo ya shule. Ninyi someni bure.

KUREKEBISHA MENGINE

Tandiko lililoshuka. Legezeni nyuzi, mlitoe, mweke chini yake kipande chembamba cha mti mgumu au plastiki kilichokatwa sawasawa na mfereji wake. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa karibu milimita 0.8. Ukiiweka chini ya tandiko, nyuzi zitapanda karibu nusu ya hapo, yaani milimita 0.4, kwenye freti ya 12. Kanuni ni hiyo daima: unachoongeza au kupunguza kwenye tandiko, nusu yake ndiyo inayoonekana kwenye freti ya 12. Hakikisheni tandiko bado limezama vizuri, lisije likalala.

Tandiko lililo juu mno. Lisugueni upande wa chini juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo. Sugueni kidogo, rudisheni, pimeni. Kilichosuguliwa hakirudi.

Mkato wa kizingiti ulioshuka. Jazeni mkato kwa unga wa mfupa mlioupata kwa kusugua msasa, kisha tone moja la supa gluu. Ukikauka, mchongeni mkato upya pole pole kwa tupa nyembamba sana. Kizingiti kizima kikiwa kimelika, fundi anaweza kuchonga kipya kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa. Mfupa huo mnaupata kwa mwenye bucha.

Freti iliyoinuka. Kateni kadi kuukuu katika vipande vya urefu tofauti, kila kipande kitoshe freti tatu tu. Kiwekeni katikati ya nyuzi, kikikalia freti tatu. Kikicheza kama bembea, freti ya katikati imeinuka. Kama inasogea ukiibonyeza kwa kucha, imelegea: wekeni kipande cha mti juu yake, mgonge taratibu kwa nyundo ndogo. Kama haisogei, ni ya kusawazishwa kwa tupa maalum, na hiyo ni kazi ya fundi. Tupa ya panga ibaki shambani.

HALI YA HEWA NA MAHALI PA KUWEKA GITA

Mti haufi kabisa. Hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi. Masika, tumbo la gita huvimba na nyuzi hupanda, ndipo wapigaji wanalia vidole vinauma. Kiangazi, tumbo hushuka na nyuzi hushuka nalo, ndipo mvumo unaingia. Kwa hivyo gita likianza kuvuma Januari au Februari, ulizeni hali ya hewa kabla ya kulaumu mtu.

Kwa kiangazi, chukueni kijisanduku cha sabuni, mkitoboe matundu, mtie sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa isidondoshe maji. Kiwekeni ndani ya kasha la gita, kasha lifungwe. Loweni sponji tena ikikauka. Kwa wale wa Pwani shida ni chumvi na unyevu: pangusieni nyuzi kitambaa kikavu kila mkimaliza kupiga.

Msiliweke gita juu karibu na mabati, wala karibu na jiko, wala kwenye gari juani. Joto hulainisha gundi na daraja huanza kung'oka. Msiliegemeze kwenye ukuta wa udongo uliolowa. Mahali pazuri ni ndani ya kasha, katika chumba ambacho watu wenyewe wanalala vizuri.

KANUNI ZA KIKUNDI

Gita lenye wenyewe wengi huharibiwa na mikono mingi. Sisi sasa tuna kanuni nne, nanyi mwaweza kuziiga:

1. Mtu mmoja ndiye mtunza gita, na mmoja ndiye msaidizi wake. Wengine wasishike spana.
2. Kuna daftari la gita. Kila uzi uliobadilishwa, kila kipimo, kila robo ya mzunguko inaandikwa na tarehe.
3. Gita linapimwa mara nne kwa mwaka: mvua zinapoanza na zinapokwisha, masika na vuli.
4. Kabla ya kurekebisha, ramani ionyeshwe kwa angalau watu watatu, na mmoja wao awe mtu asiyepiga gita.

Kanuni ya nne huchekesha wengi. Lakini mpigaji ana haraka ya kupiga. Asiyepiga ndiye atakayeuliza maswali.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gita lenu linavuma uzi wa 5 ukiwa wazi, lakini freti zote zinalia safi. Je, mtashika chuma cha shingo? Kwa nini?
2. Mmepima freti ya 7, karatasi haipiti hata moja. Ramani ina alama V kwenye freti ya 1 mpaka ya 4. Mtazungusha upande gani, na kiasi gani?
3. Mpigaji anasema nyuzi ziko juu mno, lakini shingo imepimwa iko sawa. Mtarekebisha kitu gani?
4. Katika kikundi chenu, kuna jambo lingine ambalo mlikaza kabla ya kujua panapouma? Labda mkopo uliochelewa, labda mwanachama aliyeacha kuja. Lijadilini kwa upole.

Majibu ya matatu ya kwanza: 1. Hapana, ni mkato wa kizingiti. 2. Kinyume cha mishale ya saa, si zaidi ya robo, kisha mpime. 3. Tandiko. La nne mtajibu wenyewe.

NENO LA MWISHO

Mwaka uliofuata tulipata gita lingine, baada ya kuuza mandazi mengi. Februari ilipofika, mvumo ukarudi. Safari hii sikukimbilia spana. Nilimwomba yule mama mweka hazina ashike tochi. Tulichora ramani, V zote zikakaa freti za kwanza. Tulipima, karatasi haikupita. Nikalegeza moja ya nane, tukakaza nyuzi, tukaliacha gita mpaka asubuhi. Kesho yake nikaongeza moja ya nane nyingine. Karatasi mbili zikapita.

Mama akagonga uzi kwa kidole chake, akasikia "tik". Akaniambia, "Sasa andika." Nikaandika kwenye daftari, na Pasaka hiyo gita lilipigwa.

Kikundi chenu kikijaribu somo hili, leteni ramani yenu katika mkutano wa vikundi tuilinganishe na za wengine. Kwaherini, na Mungu abariki kazi ya mikono yenu.